Sauti Ndani ya Waya wa Shangazi

Jumatatu, 2 Machi 1987

Asubuhi kibandani pasi mbili za kutengeneza, feni moja, na redio ya mzee mmoja wa Mambrui iliyoliwa na mchwa. Nimezunguka dunia, Karachi, Rotterdam, Singapuri, sijaona mchwa wanaokula taarifa ya habari. Nikamwambia mwenyewe, mchwa wako sasa wanajua siasa kuliko wewe. Akacheka hata akasahau kuuliza itapona lini.

Baada ya Adhuhuri nikafunga kibanda, nikaenda kwa Shangazi Mwanakheri na vile visanduku.

Shangazi ndiye aliyenilea mama alipokufa. Tangu avunjike nyonga hatoki kitandani. Chumba chake ni cha ndani kabisa, jiko liko nyuma, ng'ambo ya ua. Mwezi wa kwanza alianguka kutoka kitandani akaita tangu adhana ya Adhuhuri hadi ya Alasiri. Rukia, binti yake, alikuwa jikoni akikaanga mahamri ya watu. Hakusikia kitu. Kuta za matumbawe zile, unene wake dhiraa nzima. Siku ile nililia. Na mimi silii. Sikulia hata meli yetu ilipolala ubavu karibu na Karachi.

Basi visanduku. Aliniletea baharia mwenzangu wa zamani, vinne, yaani jozi mbili. Rangi ya maziwa, kila kimoja na plagi yake, kitufe cha kubonyeza au kukibana kibaki hivyo, na taa ndogo ya kijani. Hakuna waya wa kuvuta baina yao. Chomeka kimoja kwenye soketi ya chumbani, kingine jikoni, na sauti inapita ndani ya waya zilezile zinazoleta taa. Umeme unakwenda safari yake, sauti imepanda mgongoni. Inafanyaje hasa, sijui yote. Niliishia darasa la tano. Lakini najua inafanya, na wapo waliosoma hadi wakaota vipara hawajui hata hilo.

Nikambonyezea Shangazi kitufe. Akakitazama kisanduku kama mtu anayetazama mkwe asiyempenda. Kisha akasema, "Rukia, mbaazi za jana zilikuwa na chumvi." Kule jikoni mwiko ukaanguka.

Maneno ya kwanza kupita ndani ya waya mjini Malindi. Nani mwingine amefanya hivi pwani hii? Nitajie mmoja.

Alhamisi, 5 Machi

Mtaa mzima umepita kwa Shangazi kusikiliza. Ananena na kila mtu kupitia jikoni. Amefurahi kama bi arusi.

Leo akaja Bwana Faraji. Karani mstaafu, nyumba yake inatazamana na ya Shangazi, kichochoro tu katikati. Kasoma hadi kidato cha nne na hukumbusha kila anapopumua. Goti linamsumbua, anakaa ghorofani, anataka kuagiza chai bila kushuka ngazi. Kitufe anasema atakibana kutwa, asiinuke hata kukibonyeza.

Jozi ya pili nilikuwa nimemwahidi mke wangu Maimuna. Nikampa Faraji. Ndivyo nilivyo. Maimuna amenuna, anapika bila kuniuliza nataka nini.

Faraji akauliza kama maneno yake yatasikika nje. Nikacheka. Nikamweleza kwamba nyumba yake ina mita yake, ya Shangazi ina mita yake. Sauti ikifika kwenye mita ni kama mgeni aliyekuta mlango umetiwa komeo. Nikamwapia. Mkono kifuani, mbele ya mkewe Bi Nuru.

Jumapili, 8 Machi

Maimuna bado. Leo wali mkavu.

Jumanne, 10 Machi

Nilikwenda kumjulia hali Shangazi. Nikampa shikamoo, hakuitikia marahaba, akaniambia kwa Faraji leo wamekula ngisi wa nazi na Bi Nuru amemgombeza mumewe kwa kutoosha miguu kabla ya kupanda kitandani.

Nikamuuliza nani kamwambia.

"Kisanduku."

"Kisanduku hakisemi chenyewe, Shangazi."

"Mimi nimelala hapa mchana kutwa, sina pa kwenda. Kinasema. Na ule waya wa arusi, ulikuja kuutoa?"

Nikamwambia hakuna waya wa arusi, apumzike. Ana miaka themanini na zaidi. Vichwa vya wazee huchanganya mambo. Nikamfunika shuka, nikaenda zangu.

Alhamisi, 12 Machi

Nimeandika mstari huu mara tatu, kalamu inatoboa karatasi.

Asubuhi wanawake walikwenda kumtazama Shangazi, Bi Nuru akiwemo. Shangazi, kwa moyo safi kabisa, akamshika mkono akamwambia, mwanangu, nimehuzunika mnauza nyumba kwa yule Mtaliano mhamie Mombasa. Bi Nuru hakuwa amemwambia hata mama yake mzazi. Akatoka bila kuvaa viatu.

Kabla ya Adhuhuri Faraji yuko mlangoni mwa kibanda changu, goti lile bovu limepona ghafla.

"Nani amekutuma?"

"Kunituma wapi, Bwana Faraji? Kaa kwanza."

"Sikai. Umetia masikio ndani ya nyumba yangu."

"Masikio ninayo mawili, na moja liliharibiwa na injini ya meli. Ningekuwa na la akiba ningejiwekea mwenyewe."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Fundi wa darasa la tano. Hata udukuzi wako wa darasa la tano."

Mimi. Mimi niliyemfungia taa za arusi yake bure, saa ambayo nyumba yake ilikuwa giza na wageni wamekwisha fika. Mimi niliyemnyima mke wangu nikampa yeye. Nilitaka kumrushia nyundo. Nikarusha kopo la skrubu badala yake, ukutani, na jioni yote nimekuwa nikiokota skrubu.

Ijumaa, 13 Machi

Baada ya sala tuliitwa kibarazani kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti ni mtu wa kahawa. Kila jambo kwake ni la kumaliza kahawa haijapoa.

Faraji akasema kwa Kiswahili cha ofisini, mara mlalamikaji, mara mlalamikiwa. Mwingine akasema visanduku vina jini kutoka Singapuri. Nikamuuliza ni jini gani linalotaka soketi ya pini tatu. Wakacheka, lakini nikaona wanajisogeza mbali nami. Wanaume wazima wanaogopa plastiki.

Hukumu: jozi zote mbili zitolewe, mwisho Jumatatu. Na kamati ya msikiti inasema taa za usiku wa Miraji mwaka huu atafunga fundi mwingine. Miaka saba nafunga taa zile, sijawahi kuomba hata kikombe cha maji. Fundi mwingine. Yule anayefunga waya kama anayefunga kuku.

Hilo linaniuma, lakini nitalimeza. Jina langu naweza kulirudisha siku nikitaka. Shangazi sauti yake hawezi kuirudisha. Watu wazima kumi na wawili walikaa pale, hakuna hata mmoja aliyeuliza ajuza ataita vipi akianguka tena. Nikauliza mimi. Mwenyekiti akasema, "Apewe kengele." Kengele. Ukuta wa dhiraa nzima, na mwanamke asiyeweza kuinua kikombe chake mwenyewe.

Jumamosi, 14 Machi

Nimekwenda kuchukua jozi ya Faraji. Alinipa kupitia dirishani, kama unavyompa mtu taka. Nimeviweka chini ya kitanda. Maimuna ameviona, na samaki wa leo alikuwa na ndimu.

Cha Shangazi sikitoi. Waje wakitoe wao, mmoja mmoja, wamwangalie machoni.

Kuna baya zaidi. Kwa kuwa wamechoka na jini, sasa wanasema ni Rukia. Eti Rukia husimama chini ya dirisha la Faraji na sinia la mahamri kichwani akisikiliza, kisha humpelekea mama yake umbea. Nyumba tatu zimeacha kuagiza mahamri. Rukia hakulalamika. Alikuwa anasugua karai lililokwisha kuwa safi.

Niliposikia nikaenda pale penye wauza kahawa, wote wapo, Faraji yupo. Nikasimama juu ya benchi. Nikasema hakuna jini, hakuna umbea, na hakuna fundi mjinga. Nyumba mbili, mita mbili. Nikasema ikionekana nyumba hizi zina hata waya mmoja baina yao, Ijumaa ijayo nitasimama mlangoni mwa msikiti watu wakitoka, niseme kwa kinywa changu kwamba mjinga wa mtaa huu ni mimi.

Faraji akasema, "Tutakungoja." Na wangoje.

Jumatatu, 16 Machi

Nilikwenda kwa Shangazi saa nne asubuhi, mwenyekiti wa mtaa alikuwa aje saa tano. Nia yangu nimfungulie kila soketi, kila bomba la waya, aone mwenyewe nyumba imesimama peke yake.

Nikazima swichi kubwa ya nyumba. Feni ya chumbani ilikuwa imezimwa tangu asubuhi. Nikachukua bisibisi, nikapiga goti mbele ya soketi ya Shangazi.

Taa ya kijani ya kisanduku ilikuwa inawaka.

Nikarudi kwenye swichi. Imezimwa. Nikarudi chumbani. Inawaka. Nilikaa sakafuni kama mtoto. Shangazi akaniuliza, "Umepata?" Umeme ule ulikuwa unatoka nje ya nyumba.

Nikapanda juu ya ukuta wa ua, upande wa choo, pale paa la makuti linapogusa ukuta wa kichochoro. Nikafunua kuti moja, la pili, la tatu. Waya. Umepakwa chokaa mara nyingi hata umekuwa kama mshipa wa ukuta. Unatoka nyumba ya Shangazi, unaruka kichochoro chini ya makuti, unaingia kwa Faraji karibu na ngazi. Na umefungwa kwenye boriti kwa fundo.

Fundo langu. La melini, mizunguko miwili na mkia unaorudi ndani. Malindi nzima hakuna mtu mwingine anayelifunga, nimejisifia miaka yote.

Arusi ya Faraji. Mwaka sabini na nane. Umeme wa nyumba yake ulikatika wageni wakiwa mlangoni, nikavuta waya kutoka kwa Shangazi kama tunavyofanya siku zote, arusi ya mmoja inawashwa na nyumba ya jirani. Umeme wake uliporudi nilikuwa nimeshiba pilau. Nikasema kesho nitautoa. Siku ya pili nikapata meli.

Miaka tisa nyumba mbili zinaishi kama nyumba moja, na mita zile nilizoapia hazikuwa na mlango wowote wa kufunga. Sauti ilipita kwenye waya wangu. Na si sauti tu. Mwaka jana nilibadilisha soketi ya Shangazi nikapigwa hadi meno yakagongana, nikalaumu unyevu. Ungezima upande mmoja ukadhani waya umekufa, upande wa pili ungekuua. Rukia hufuta soketi zile kwa kitambaa kibichi.

Shangazi aliniambia. Aliniuliza kwa Kiswahili safi, nikamfunika shuka.

Mwenyekiti alipofika nikamwambia kazi haijakwisha, anipe hadi Ijumaa. Akaridhika. Kahawa ilikuwa inamngoja.

Jumatano, 18 Machi

Siku mbili sijafungua kibanda. Nimemwambia Maimuna nina homa.

Koleo liko mfukoni. Kukata waya ule ni kazi ya kupiga chafya mara moja. Nakata, navuta, nafunika kuti, naita mtaa mzima: njooni mwone, hakuna kitu. Faraji atabaki na aibu yake. Taa za Miraji zitarudi kwangu. Nimekwenda chini ya ule ukuta mara tatu leo. Mara ya tatu nilikuwa nimekwisha panda.

Nikasikia mlango wa mbele. Bi mmoja alikuwa amekuja kurudisha bakuli, akamwambia Rukia kwa upole wa kuchoma, "Mahamri yako matamu, dada, lakini sisi tuna siri zetu." Rukia akasema, "Haya, Bi."

Nikikata kimyakimya, mimi nitakuwa safi, Rukia atakuwa mdukuzi hadi afe, na Shangazi atakuwa ajuza aliyepungukiwa na akili anayezua maneno kitandani. Wote wawili kwa ajili ya pilau yangu.

Nikashuka. Nimekasirika na Faraji bado, hilo sitalificha. Nimekasirika na mwenyekiti, na wale wa jini, na huyu bi wa bakuli. Lakini hasira yote ikizunguka inarudi hapa, kwa huyu mwenye sharubu anayejiita fundi.

Ijumaa, 20 Machi

Nimesimama.

Watu walipoanza kutoka msikitini nikapanda ngazi ya juu. Nilikuwa nimepanga hotuba ndefu, yenye Rotterdam ndani yake. Ikapotea yote. Nikasema, "Mjinga wa mtaa huu ni mimi. Waya upo. Niliufunga mwenyewe siku ya arusi ya Bwana Faraji, sikuutoa. Shangazi hakuzua neno. Rukia hajasimama chini ya dirisha la mtu. Anayetaka kuona anifuate."

Walinifuata wote. Sijapata kuona watu wa Malindi wakitembea haraka hivyo baada ya sala.

Nikapanda ukutani, nikafunua makuti, wakauona. Mzee mmoja akasema, "Lo, na fundo lile." Nikasema ndilo. Nikamwambia Faraji akazime swichi yake, na Rukia azime ya Shangazi, zote mbili, ndipo nikakata. Koleo likalia.

Faraji akaanza. Karani yule, tayari ana kidole juu. "Kwa hiyo mlalamikiwa amekiri kwamba..."

Bi Nuru akamkata kutoka dirishani, pindo la buibui mdomoni. "Kiri na wewe basi. Waambie nawe ulikuwa ukimsikia Bi Mwanakheri kila siku."

Faraji akashusha kidole.

"Waambie alivyosema una miguu ya kuku, ukanambia ninyamaze usikie kilichobaki."

Kicheko kilichotoka pale kichochoroni sijakisikia tangu arusi yenyewe. Mwenyekiti alimwaga kahawa yake. Faraji alisimama, shingo ikawa nyekundu, kisha nikaona kanzu inatikisika tumboni. Naye alikuwa anacheka. "Sikuweza kusema," akaniambia, "ningesema vipi nimesikia, bila kusema nilikuwa nasikiliza?"

Nikamwambia hata udukuzi wako wa kidato cha nne. Akanipa mkono. Nilimwomba radhi, kwa nyumba yake na siri yake. Akasema siri yenyewe si kitu tena, mama mkwe wake amekwisha wakataza kuuza.

Kisanduku cha Shangazi kinabaki. Mwenyekiti amesema hivyo mbele za watu, kwa sauti, kama kwamba yeye ndiye aliyekibuni.

Habari ya taa za Miraji hakuna aliyeitaja. Nami sikuuliza. Inauma.

Jumapili, 22 Machi

Pasi moja. Jagi la umeme la mtu wa Ngomeni, limeungua kabisa, nimemwambia alizike.

Jozi ya pili nimemfungia Maimuna, sebuleni na jikoni. Nyumba yetu ina vyumba viwili na pazia. Anabonyeza kitufe ananiambia chakula tayari, na mimi namwona.

Alasiri kwa Shangazi. Nikampa shikamoo. "Marahaba, fundi," akasema, na hilo neno fundi akalivuta. Analalamika nyumba imekuwa kimya, hajui tena nini kinapikwa ng'ambo. Lakini Bi Nuru alikuwa ndio anatoka. Sasa huvuka kichochoro kwa miguu yake na kuja kumwambia mwenyewe, na Shangazi anasema ngisi walikuwa watamu zaidi kwenye kisanduku.

Kipande cha waya chenye fundo nimekichomoa kwenye boriti, kiko mfukoni mwangu. Miaka tisa ya mvua na chokaa, halijalegea hata kidogo. Nimejaribu kulifungua kwa bisibisi nikashindwa.

Nilikaa jikoni na Rukia akikanda unga. Sinia tatu za kesho, ameniambia, bila kuinua kichwa. Shangazi alikuwa amelala na kitufe amekiacha kimebanwa. Taa ya kijani inawaka. Tukasikia pumzi yake inakuja ndani ya waya, polepole, inakwenda, inarudi.

Rukia akaacha kukanda. Akapunguza moto wa stovu ili isivume.